Mwenyekiti wa Lifti

Mwenyekiti wetu hakuujua mpira. Naanza hapo kwa sababu yeye mwenyewe angeanza hapo, tena kwa sauti ya juu, mbele ya refa na mbele ya kocha wa timu pinzani. Ofsaidi ilimshinda mpaka leo. Ikipigwa penalti aligeuka akatazama magari yaliyoegeshwa, akingoja kelele zimwambie imekuwaje. Na bado huyu ndiye aliyeanzisha klabu ya mpira hapa Houston na kuilea miaka yote ile katika daraja la chini kabisa la ligi, lile linalocheza Jumamosi, huku timu za watu waliojua mpira zikifa moja baada ya nyingine. "Nimeziona zikizaliwa na jezi mpya," alikuwa akisema, "na nimeziona zikifa jezi bado mpya."

Namweleza nikiwa na moyo mzito, niseme tu ukweli. Mara ya mwisho kumwona, kamati ilikuwa imenituma nikachukue baraka zake ili tuihamishe klabu kutoka Sharpstown, mtaa wa maghorofa ya kupanga ilikozaliwa, tuipeleke Missouri City, ambako wengi wetu tumenunua nyumba. Nilijua kwamba wachezaji wasio na magari wangeachwa. Kila mtu kwenye kamati alijua. Hakuna aliyelisema, na mimi niliyekuwa nimekalia kiti cha Mwenyekiti sikulisema pia. Nilikwenda kwake na maharagwe ya zawadi kwenye buti la gari na aibu kwenye kiti cha mbele.

Kwao wapi, baba yake nani, alisoma wapi, sitaki kuanza huko, na sehemu kubwa siijui. Tulipojuana alikuwa akifanya kazi kwenye ghala la mazulia, na mimi nilikuwa nabadilisha mashuka ya wazee kwenye nyumba ya kulelea wazee, huku nikisomea uuguzi. Alibisha hodi mlangoni kwangu Jumamosi moja, kofia mkononi, kana kwamba amekuja kuposa.

"Nimesikia wewe ni nesi."

"Bado nasoma, mzee."

"Umefika kwenye somo la kifundo cha mguu?"

Nikamwambia nimefika.

"Basi unatosha. Vaa viatu, tunachelewa."

Wacha nikwambie, mimi hata sikuwa nimenywa chai. Nilikwenda kufunga kifundo cha golikipa, na nikarudi nyumbani jioni nikiwa katibu wa klabu. Nilipomuuliza mume wangu kama hilo linawezekana, alicheka mpaka akakaa chini. Wiki iliyofuata naye alikuwa anachora mistari ya chokaa uwanjani.

Alivyoiona klabu, hakuna kocha angeiona hivyo. Houston hii ukikosa gari wewe ni mfungwa. Mabasi ya Jumamosi ni ya kubahatisha, jua linachoma kuanzia asubuhi, na barabara kuu haikupi pa kuvuka kwa miguu. Mwenyekiti aliliona hilo kabla ya kuona mpira wowote. Vijana wa Sharpstown walikuwa wanatoka kiwandani, wanalala, wanaamka, wanarudi kiwandani. "Hawa hawajakosa uwanja," aliniambia. "Wamekosa mtu wa kuwapitia. Klabu ni lifti, Katibu. Mpira ni kisingizio." Kwa hiyo kila Ijumaa alikuwa akipiga simu. Hakuuliza nani anajua mpira, aliuliza nani ana gari, nani ana petroli, nani anaweza kupitia Sharpstown kwanza ndipo aende uwanjani. Mwenye gari aliyekuja uwanjani peke yake, viti vitupu nyuma, alirudishwa. Nilimwona akimrudisha mhasibu mmoja wa Kikenya, mtu mzima, na suti ya michezo ya bei.

"Lakini Mwenyekiti, nimefika saa kamili!"

"Umefika wewe. Wenzako wako wapi?"

Mhasibu aliwasha gari, akaenda, akarudi na Wakongo wamebanana nyuma magoti yakigusa masikio. Kuanzia siku hiyo walikuwa marafiki, na mmoja wao ndiye aliyemsimamia kwenye harusi yake.

Kulikuwa na mambo yake mengine yaliyotuudhi. Alibeba chai ya maziwa uwanjani, chupa kubwa ya moto, mwezi wa Agosti, katika joto ambalo ngozi ya mtu inaloa akiwa amesimama kivulini. Tulimwambia watu wanataka maji ya barafu. Alisema maji mtu anakunywa akiwa amesimama na ufunguo wa gari mkononi, lakini chai ya moto lazima ukae uipulize, na ukikaa utaongea na mwenzako. Nilikuwa namwona kichekesho. Halafu nikaanza kuona watu wanapata kazi pale kwenye chai, wanapata chumba cha kupanga, wanapata wachumba. Mwanamke mmoja kutoka Bukavu alipata huko mtu wa kumfundisha kuendesha gari, na mwaka uliofuata ndiye aliyekuwa akipitia watu.

Alikuwa na sheria ya mgeni. Sote tunaijua methali, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, ila wengi wetu tunaitaja kwa utani. Yeye aliitumikisha. Mchezaji mpya alicheza Jumamosi mbili bila kuguswa. Ya tatu alikabidhiwa upande mmoja wa goli la chuma, maana magoli yetu yalikuwa ya kubebwa, na asiyebeba hachezi. Akaja mshambuliaji mmoja, kijana aliyekuwa amecheza ligi kubwa nyumbani, miguu yake ungeilipia uitazame tu. Jumamosi ya tatu alikunja mikono akasema yeye hakuja Marekani kubeba vyuma. Mwenyekiti alimjibu kwa upole, "Sawa kabisa, baba, pumzika," akamwacha apumzike kwenye benchi mchezo mzima. Tulifungwa na timu ya Wahondurasi mabao ya kutia aibu. Sisi tunalia, Mwenyekiti anagawa chai huku anatabasamu. Kijana alituhama siku hiyo hiyo, akaenda kwa Wanaijeria. Baadaye sana alirudi, amenunua gari, akauliza kama kuna watu wa kupitia. Magoli aliyabeba pia, ila alinung'unika.

Kubwa lililotuuma ni lile la kupanda daraja. Tulishika nafasi ya kwanza msimu mmoja, kwa bahati na kwa golikipa wetu Bahati, Mkongo mpole mwenye mikono kama makasia, na ligi ikatualika daraja la pili. Watu waliimba Sharpstown nzima. Mwenyekiti akakataa. Alituita kwenye maegesho, akasema daraja la pili linacheza Jumapili asubuhi, tena huko mbali mwisho wa jiji, na nusu ya wachezaji wako kanisani na nusu nyingine wametoka zamu. Kocha wetu alimwita mwoga mbele ya watu. Mimi nilinyamaza, lakini nyumbani nilimsengenya sana. Nilisema huyu mzee anatuweka chini makusudi ili abaki mkubwa wetu. Yeye alipoulizwa tena alisema tu, "Mtaka yote hukosa yote," akaenda kukunja nyavu. Timu iliyopanda badala yetu haikumaliza msimu. Nasikia hata jezi waligombania.

Msinifanye nimchore malaika. Alituhubiria kuhusu kuchelewa, na kanisani kwao alikuwa anaingia wakati wa sadaka. Alikuwa na ugonjwa wa sukari, na mimi nesi wake nilikuwa namfumania na mandazi nyuma ya gari, anatafuna huku amenigeuzia mgongo. "Hili ni la mtu mwingine," anasema, mdomo umejaa. Na alikuwa na binti mmoja, Neema, ambaye Jumamosi zake zote za utoto zililiwa na sisi. Alimleta uwanjani akiwa mdogo, akamkalisha kwenye kiti cha kukunja na vitabu vyake. Alipokua akakataa kuja, na Mwenyekiti hakujua la kufanya. Siku ya mahafali yake ya shule ya sekondari alikwenda, lakini alifika amechelewa, suruali ina chokaa, kwa sababu dereva mmoja alikuwa ameharibikiwa na gari na watu walikuwa wamekwama. Aliniambia mwenyewe, tukiwa tunasuuza vikombe: "Watoto wa watu wote nawapitia. Wangu namwambia ningoje kidogo." Nikamwambia Neema ataelewa. Akasema hapana, asielewe, ana haki ya kukasirika. Tukaendelea kusuuza.

Macho yakaanza kumwacha. Sukari haina huruma. Alipogonga kizuizi cha maegesho mara ya pili, Neema, ambaye sasa alikuwa mwanamke mzima na kazi yake huko Garland, upande wa Dallas, alishuka Houston, akachukua ufunguo wa gari na baba mwenyewe. Siku ya kuondoka wanaume walitarajia hotuba. Alinishika mkono mbele yao akasema, "Katibu atakaa hapa nilipokuwa nakaa." Kocha alikohoa. Ati mwanamke? Mwenyekiti akageukia alikosikia kikohozi: "Ana gari na anapokea simu. Wewe unapokea simu?" Basi yakaisha. Mimi akaniachia neno moja tu, kwamba kila Jumamosi nianze Sharpstown ndipo niende uwanjani.

Mwanzo nililifuata. Kisha nikafaulu mitihani, nikawa nesi kamili, mshahara ukapanda, tukanunua nyumba Missouri City, yenye bustani na gereji ya magari mawili. Wengine wa kamati walikuwa wameshatangulia. Kutoka huko, Sharpstown haiko njiani kwenda popote. Nilianza kumwomba fulani apitie badala yangu, na fulani akamwomba fulani. Jumatatu moja Bahati alinipigia. Hakulalamika. "Mama, Jumamosi tulingoja pale kwa geti mpaka jua likawa kali, tukasema pengine mchezo umeahirishwa." Nikamwambia samahani, kulikuwa na mkanganyiko. Neno zuri hilo, mkanganyiko, halina mwenyewe. Akaniambia hakuna shida, akaniuliza habari za watoto wangu kwa majina yao.

Halafu kukapatikana uwanja mpya. Jamani, ni uwanja mzuri, sitadanganya. Nyasi sawasawa, taa, vyoo, magoli yasiyobebwa na mtu. Uko karibu na nyumbani kwetu, na watoto wetu, wanaotujibu Kiingereza tukiwasemesha Kiswahili, wangepata makocha wa kulipwa. Kamati ilikutana sebuleni kwangu, kwenye makochi yangu, tukala pilau. Tulisema klabu lazima ijitegemee. Tulisema lazima tufikirie kizazi kijacho. Kila tulichosema kilikuwa kweli, hilo ndilo linaloniuma. Mwishoni mmoja akasema, "Lakini wale vijana wa Sharpstown hawatakubali bila neno la Mzee." Wote wakanitazama mimi.

Ndiyo nikaenda Garland. Njiani nilipanga maneno, nikayapangua, nikayapanga. Nilitamani anikemee. Kweli kabisa, niliomba anitukane, maana ukitukanwa na mkubwa wako unalia, unasamehewa, unarudi nyumbani mwepesi.

Neema alinifungulia mlango, amevaa sare ya kazi. "Ooh, mama wa klabu," akasema, na sikujua kama anatania. "Nina-drive kwenda kazini sasa hivi. Usimpe chumvi. Na ukimwona na kitu kinachofanana na andazi, mnyang'anye." Akamwinamia baba yake, akamfunga kifungo cha shati kilichokuwa kimeachwa, akaondoka.

Mwenyekiti alikuwa amekonda. Aliketi sebuleni karibu na dirisha, uso ameuelekeza kwenye mwanga, kwa kuwa mwanga ndio aliokuwa akiuona bado. Nilipomsalimia shikamoo aliishika mikono yangu miwili na kuanza kuuliza watu. Mhasibu hajambo? Yule mama wa Bukavu, bado anaendesha ile gari nyekundu? Mshambuliaji bado ananung'unika? Nilijibu yote. Hakuuliza tumeshinda mechi gani. Kisha akainama kama anayetoa siri.

"Hapa Garland, Katibu, Wakongo ni wengi ajabu. Viwandani, kwenye maghala. Wanatoka kazini, wanalala. Nimeshawapata wawili wenye magari."

"Mwenyekiti! Wewe na macho hayo?"

"Sitapiga mpira kwa macho. Hata yalipokuwa mazima sikuupiga."

Tulicheka, na nilipokuwa nikicheka nikaona nikikawia sitalisema kamwe. Nikalisema lote, uwanja, kamati, watoto, kujitegemea. Nilisema haraka, kama mtoto anayesoma ubao. Nilipomaliza alipapasa kikombe chake cha chai.

"Nyasi ni nzuri?"

"Nzuri sana."

"Vyoo viko?"

"Viko."

"Hapo mmenishinda. Mimi niliwapeleka watu nyuma ya miti miaka yote." Akanywa chai. "Basi hameni. Watoto wenu wacheze. Hata mimi ningehama."

Hakukasirika. Nilimtazama sana usoni nikitafuta hasira, nikaikosa. Nilipaswa kufurahi, nikashindwa. Nikajikuta nasema mwenyewe kile nilichokuwa nimekikwepa njia nzima.

"Kuna wale wa Sharpstown, Mwenyekiti."

"Wapo. Nani atawapitia?"

"Tutapanga."

"Aa-a. Tutapanga." Alilitamka taratibu, bila kejeli. "Nipe simu yangu, iko hapo mezani. Bonyeza mbili uishikilie, halafu uiweke sauti nje."

Nilibonyeza. Niliona jina la Bahati likitokea kwenye kioo, na simu ikaita sebuleni mle, na Bahati akapokea akiwa mahali penye kelele za watoto na sufuria.

"Bahati, mwanangu, sikiliza. Klabu inahamia Missouri City. Msikasirike, uwanja ni mzuri, una vyoo. Katibu yuko hapa nami. Amesafiri mpaka huku kuniambia kwamba atakuwa akiwapitia."

Mimi sikuwa nimesema hivyo. Mwenyekiti alikuwa ametulia, uso kwenye mwanga, mikono juu ya magoti, hana hata dalili ya mtu aliyedanganya.

"Mama Katibu iko pale?" Sauti ya Bahati ilipanda. "Mama! Aksanti, aksanti sana. Mungu akubariki, mama, wewe na watoto wako. Huku tulikuwa tunasema pengine mumetusahau. Ngoja niwaambie wenzangu." Nikamsikia akigeuka na kuwaita watu kwa majina, na watu wakaitikia kwa furaha, na mwanamke mmoja akapiga kigelegele palepale jikoni kwake.

Niliinamisha kichwa. Machozi yalikuwa yananitoka na sikutaka Mwenyekiti ayasikie, lakini sijui, huenda aliyasikia. Alinyoosha mkono akaisukuma simu mezani kuelekea upande wangu.

"Umeshashukuriwa, Katibu," akasema. "Sasa mwulize wako wangapi."

Nikaichukua simu, masikio yakiniwaka moto, nikamwuliza.